Rael, Safari Hii Hatukukandika

Landhi ya reli, Lanet
Mvua zikiisha, 1957

Rael wangu,

Najua utaanza kwa kunicheka. Utasema, Damari anamwandikia nani, na mimi herufi sizijui? Ni kweli, hukujua kusoma hata jina lako likiandikwa kwenye gunia. Barua zote za nyumbani nilikusomea mimi, umekaa pale mlangoni kwenye kigoda chako unachambua mboga, na kila nikifika kwenye salamu unaniambia, "Ruka hizo, nenda kwenye maneno." Basi hii nayo nitakuja kukusomea mwenyewe. Nimeona niiandike kwanza, kwa sababu nikianza kwa mdomo tu nitalia kabla sijafika kwenye maneno.

Salamu nimeziruka, umeona.

Nianze na Tabitha, maana ndiye unayemngoja. Binti yako ni mzima. Analala kwangu, na jioni anavuka kwenda kumpikia baba yake ugali, halafu anarudi na kuniambia baba amekula au hajala. Siku hizi anakula. Wiki za kwanza Tabitha hakutaka mtu amguse nywele, akakaa na zile nywele ulizomsuka wewe mpaka zikawa aibu kanisani. Mwishowe alikuja mwenyewe na kitana, akakaa chini katikati ya magoti yangu. Sasa ananiruhusu kila Jumamosi, ila ananiambia mkono wangu unavuta, wako haukuvuta.

Yuko darasa la nne. Nikiandika hivyo naisimamisha kalamu, kwa sababu wewe na mimi tunajua la nne kwetu lilikuwa nini. Lilikuwa ukuta wa mwisho. Baada ya pale hakuna darasa, hakuna mwalimu, kuna pareto za Mzungu zinazongoja kuchumwa. Ulikuwa unasema, "Huyu wangu hataishia kwenye ule ukuta hata kama nitautoboa kwa meno." Nilikuwa nakucheka kwa sababu ya lile pengo lako la mbele.

Nataka nizungumze juu ya shule, Rael. Mambo yamebadilika, na ni wewe uliyeyabadilisha, na hukuona. Hilo ndilo linaloniuma.

Unakumbuka tulivyoipata. Kanisa lilitupa kiwanja na jina. Fito tulikata sisi, udongo tulikanyaga sisi, mabati ya zamani baba zao waliyabeba begani kutoka mjini. Serikali ilituletea mkaguzi tu. Mwalimu Elia, maskini, mshahara wake ulikuwa ni karo yetu, na karo ikichelewa alikuwa anazunguka nyumba zetu za landhi jioni kama mtu aliyepita tu kusalimia, na sisi tunaelewa tunampakulia. Mtoto asiye na karo anasimama nje ya dirisha akisikiliza. Dirisha lenyewe ni tundu, kwa hiyo alisikia vizuri. Mwalimu alikuwa anajifanya hamwoni.

Na wewe ukishuka mjini Nakuru kuuza mayai ulikuwa unapita kwenye ile shule ya watoto wa Wazungu, yenye mawe na vioo na nyasi zilizokatwa. Ulirudi siku moja ukaniambia, "Nimesimama pale uzioni kitambo. Sijaona memsabu hata mmoja mwenye matope mpaka kwenye kiwiko." Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unashangaa kweli.

Kila likizo ilikuwa ni kazi ile ile. Mvua inaosha kuta, sisi tunakandika. Kila mama na ukuta wake. Wangu ulikuwa wa darasa la pili, wa bibi yetu Kogo Taprandich ulikuwa ule wa nyuma unaopigwa na upepo, na wako ulikuwa wa mbele, kwa sababu mkono wako ulikuwa unapita mara moja na ukuta unatulia. Mavi ya ng'ombe tuliyapata kule kwenye boma la Mzungu wa maziwa, yule mchungaji wake akigeuza uso. Majivu tulichanga. Na wewe hukunyamaza hata dakika moja. "Damari, unakandika au unampaka mtoto mafuta? Bonyeza." Mpaka leo nikipaka kitu chochote nakusikia.

Mikutano ilikuwa imekatazwa na hii Hali ya Hatari. Watu wakisimama pamoja kidogo tu, wanaulizwa kibali. Lakini kukandika hakukuhitaji kibali, na hilo uliligundua wewe. Siku ile askari alipotukuta tumejaa uwanjani, akauliza mkutano huu ni wa nani, ulimnyoshea mikono yako miwili inayotiririka ukamwambia, "Afande, kibali ndicho hiki, shika." Alirudi nyuma mpaka akakanyaga ndoo ya Kogo. Tangu siku hiyo alikuwa anapita mbali.

Kwa hiyo kila kitu tulikisema kwenye matope. Nani amefiwa, nani amepigwa na mumewe, mtoto wa nani amefukuzwa karo. Pale ndipo tulipomlilia Wanjiru, alipopakiwa kwenye lori na watoto wake kupelekwa rizavu ya Wakikuyu asikokujua. Ukuta wake ukabaki hauna mtu. Tukaanza kutazamana, na wewe ukachukua ndoo ukaenda kuukandika pamoja na wako, na safari hiyo moja ulikuwa kimya.

Na ni pale uliposema lile neno lako la reli. Mvua ilikuwa imekula tuta kule chini karibu na daraja, na genge la vibarua wa reli likaja na toroli, likamwaga mawe, likapiga mataruma mapya chini ya vyuma, jioni treni ikapita. Ulisimama ukitazama na matope yanakudondoka. Ukasema, "Reli ikikatika, hakuna anayenijia mlangoni aniambie mama Tabitha leta jiwe lako. Serikali inajua reli ni yake. Sasa huyu mtoto atakayekuja kuiendesha ni wa nani?" Ukaendelea, "Kodi ya kichwa baba yao analipa. Hii ya mikono inaenda wapi?"

Mimi niliyesoma kidogo nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo. Nilidhani shule ni kama kanisa, mtu anatoa kwa moyo wake. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu cha watoto wote ni cha kulipiwa na mfuko wa wote, wasiwepo wa kuchungulia dirishani. Ukamsumbua Mwalimu Elia mpaka akaandika maombi, kwamba Serikali iichukue shule, imlipe mwalimu, ijenge kwa mawe, itupe darasa la tano. Tulingoja mpaka tukasahau kwamba tunangoja. Halafu siku moja Mwalimu akaja mbio, akasema Mzungu wa elimu anakuja kuitazama.

Ai, Rael. Kile tulichofanya.

Lakini tungefanya nini kingine? Mgeni anakuja. Mgeni mkubwa. Ni mama gani aliyelelewa vizuri anayempokea mgeni kwenye nyumba chafu? Wiki nzima tulikandika. Tuliziba kila ufa, tukasiriba mara mbili. Baba Tabitha alileta kwa treni gunia la ule udongo mweupe wa Kariandusi, ukaupaka ukuta wa mbele mpaka ukawaka, halafu ukachukua udongo mwekundu ukachora ule mstari wako wa mawimbi chini, na maua juu ya mlango. Kuta zilizotaka kuanguka tuliziegemeza fito kwa nyuma na kuzifunika na majani ya migomba. Watoto wasio na nguo nzuri tuliwaambia wabaki nyumbani. Wasio na karo pia tuliwatuma kuchota maji, wasije wakachungulia dirishani mbele ya mgeni. Chai ya maziwa, mkate wenye siagi, wimbo. Ilipendeza, siwezi kukudanganya. Hata sasa nikifumba macho naiona.

Yule Mzungu alifurahi. Alizunguka akigusa kuta kwa kiganja. Alikunywa chai, akaomba nyingine. Akasema, "Muzuri sana, mama, muzuri kabisa," nasi tukapiga vigelegele. Halafu akasimama akahutubu kwa Kiingereza, akitabasamu, akituonyesha kwa mkono, na kila alipovuta pumzi tulipiga vigelegele tena. Kogo alicheza. Wewe ulinishika kiuno ukaninong'oneza, "Tumempata."

Akaondoka na gari lake, tukimpungia mikono. Ndipo tukamwuliza Mwalimu Elia yule Mzungu amesema nini. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema, amesema hajaona shule ya wazazi iliyotunzwa hivi. Amesema kina mama hawa ni mfano. Amesema shule inayojiweza namna hii haihitaji fedha za Serikali, ziende kwa wale wasiojiweza, na sisi tuendelee na moyo huu huu.

Nilisikia birika likichemka. Nikadhani utalia, na wewe ukaanza kucheka. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi na nguo yako ya kanisani, machozi yanakutoka, unasema, "Tumempikia chai. Tumempikia chai, akatushukuru." Nami nikacheka, hata Mwalimu. Kogo peke yake hakucheka. Alichukua vikombe akaenda kuviosha.

Kesho yake ukatuambia kwamba akija tena tusikandike. Tumwache aone mvua inavyofanya. Wacha nikukumbushe ulivyotukanwa. Kogo aliuliza kama kwenu mgeni anaonyeshwa uchi. Mimi pia nilikupinga, nikasema shule ikionekana mbovu wataifunga kabisa, siku hizi hawahitaji sababu kubwa, nani hajui za wengine zilivyofungwa. Tabitha atakwenda wapi? Ulinitazama ukasema, "Damari, daktari ukimwonyesha mguu mzima atakuponya ule wenye kidonda?" Lakini mkono wako wenyewe ulikukataa. Likizo ilipofika, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kukanyaga udongo. Hukuweza kuiona imechakaa. Nilikucheka nawe ukanirushia bonge la udongo.

Halafu kichomi kikakushika.

Sitaki kuandika mengi hapa. Ulilala mwanzo wa mvua ukasema ni baridi tu. Tulipokupeleka hospitali mjini ulikuwa huwezi kumaliza sentensi, wewe. Nilikuletea uji. Ulinishika mkono ukaugeuza ukatazama kucha zangu, zilikuwa na udongo. Ukasema, "Umekandika bila mimi." Nikasema kidogo tu, upande mmoja. Ukasema, "Nitakuja kuona."

Wazee wa nyumbani kule Maragoli walinuna kwamba hukupelekwa huko. Baba Tabitha alisimama imara, akasema uliomba mwenyewe ulale hapa. Tulikuweka kwenye kiwanja cha kanisa, ng'ambo ya reli. Ukisimama kwenye mlango wa shule unapaona. Tabitha ameomba akae kwenye benchi la upande ule, na Mwalimu amemkubalia.

Sasa sikia.

Siku chache baada ya kukuzika, mvua ilipiga wiki nzima. Kuta zilianza kumomonyoka. Mimi nilichukua ndoo, nikasema niende hata kidogo, maana nilikuwa siwezi kukaa. Nikamkuta Kogo amekaa kwenye mlango wa shule, shali kichwani, fimbo ameilaza mbele ya miguu. Akaniuliza, "Unaenda wapi na hiyo?" Nikasema kukandika. Akasema, "Mtu akifa, kwenu mnakandika nyumba yake kabla matanga hayajaisha?"

Nikasema, Kogo, hii ni shule. Akanijibu, "Nyumba ya mtu ni mahali mikono yake ilipozoea."

Wakaja wengine. Wakabishana kidogo, kwenu siku ngapi, kwetu siku ngapi, kwenu hamfagii, kwetu hatuwashi moto ndani. Unawajua. Lakini kwenye hilo moja wote walikuwa sawa, kwamba nyumba ya msiba haifagiliwi wala haikandikwi. Nikaweka ndoo chini. Tukakaa na Kogo pale mlangoni, tukalia tena, na maji yanaingia ndani.

Ndipo Mwalimu Elia akaja, uso umemshuka. Yule Mzungu anakuja tena, wiki hiyo hiyo, anazunguka shule zote kuona zilivyopita kwenye mvua. Mwalimu alitusihi. Alisema ukuta wa mbele umeanguka kipande, darasa la tatu wanaonekana mpaka barabarani, akiiona hivi ataandika ifungwe, na yeye atakwenda wapi, na watoto je. Alisema kama mtu anayeomba maji. Kogo akamwambia kwa upole tu, "Mwalimu, tumefiwa."

Sikulala vizuri siku zile, Rael. Tabitha alikuwa anapumua karibu yangu nami nawaza, shule ikifungwa, mama yake atanisamehe kweli? Asubuhi nilikuwa naweza kuamka mapema nikaziba lile tundu peke yangu. Sikuziba. Nilijua ulilolitaka, na kwa mara ya kwanza mikono yako haikuwepo kukupinga.

Alikuja mvua ikinyesha. Hatukuwa na chai. Tulikuwa tumesimama tu kandokando na mashuka yetu ya matanga. Watoto wote walikuwepo, wenye nguo na wasio na nguo, wa ndani na wa dirishani. Darasa la tatu walikuwa wamejibana upande mmoja, ubao umelowa, chaki haishiki, na kuku wa landhi ameingia kwa lile tundu anatembea kati ya miguu yao. Mwalimu alikuwa anafundisha hesabu. Hakuacha, hilo nampa.

Yule Mzungu aliangalia maua yako juu ya mlango. Yalikuwa yamebaki nusu. Akatugeukia na Kiswahili chake, akasema, "Namna gani, mama? Ile siku muzuri sana. Sasa wote vivu? Hapana tengeneza?"

Nilitazama nyuma, kukutafuta wewe. Haki, niligeuka kweli. Siku zote ni wewe uliyekuwa unajibu. Wakati ule kule chini genge la reli lilikuwa kwenye tuta na toroli lao, kwenye mvua ile ile, wanamwaga mawe. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikasema, "Bwana, tuta limekatika jana. Nani amewaita wale?"

Akasema ni kazi ya reli.

Nikasema, "Na hii? Aliyekuwa anaikandika amekufa. Yule ndiye uliyemwambia muzuri sana. Tumemzika pale. Reli ina watu wa kuitengeneza hata kama mama mmoja amekufa. Shule ya watoto wote hawa ilikuwa inashikiliwa na mikono ya mtu mmoja, na sasa imeanguka. Kodi ya kichwa waume zetu wanalipa. Ya mikono tumechoka."

Maneno yenyewe yalikuwa yako, sikuongeza hata moja la maana. Kogo akaja akasimama ubavuni mwangu na fimbo yake. Akasema, "Sisi si vivu. Sisi tunalia."

Mzungu aliingia ndani akakaa kwenye benchi la nyuma, na maji yalikuwa yanamdondokea begani, hakusogea. Alikaa mpaka somo likaisha. Alipotoka alimwuliza Mwalimu wale watoto wa dirishani ni wa darasa gani. Mwalimu, ambaye siku zote alijifanya hawaoni, akamwambia, "Ni wa darasa langu, bwana. Hawana karo." Kisha akaondoka, na hatukumpungia.

Tukangoja, tukijua shule imekwisha. Mimi nilianza kumfundisha Tabitha kufuma, ili angalau awe na kitu. Alifuma bila kunitazama.

Haikufungwa, Rael. Mvua zilipopungua lilikuja lori la mawe. Mawe, yaliyochongwa, na mafundi, na chokaa. Mwalimu Elia sasa analipwa na Serikali, na juzi nilimkaribisha chakula akaniambia ameshiba, kwa fahari hivi, nikaenda jikoni nikacheka. Na darasa la tano litafunguliwa mwaka ujao. Mwalimu alisoma majina ya watakaoingia likikamilika. La Tabitha lilikuwepo. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia nitakuandikia.

Lakini wacha nikwambie yote, usije ukanilaumu. Karo haikuondolewa. Imepungua, haikuondoka. Bado kuna watoto wanasimama dirishani, na dirisha jipya lina kioo, kwa hiyo sasa hawasikii. Hilo lilinikasirisha kuliko yote. Wengine wananiambia, Damari, shukuru, omba polepole, mkono mtupu haulambwi, na kwa ulichopewa bado hujasema asante. Nimewaambia asante nimeshaisema, ile siku ya chai. Nilichobakiza ni swali. Kama Serikali imejua kwamba ukuta ni wake, ijue na mtoto ni wake. Wote, hata yule wa Wanjiru huko alikopelekwa. Sitaki nusu. Mwezi ujao tunashuka Nakuru mjini, mimi na Kogo na Mwalimu, kuzungumza mbele ya baraza. Kibali tumeomba, safari hii cha karatasi. Ninaogopa. Nitasimama vile ulivyokuwa unasimama, miguu mbali, na nikikwama nitasema lile la reli.

Mafundi walipobomoa ukuta wa zamani nilikwenda kutazama. Kina mama wote walikuja, hakuna aliyeitwa. Ulikuwa mnene, tabaka juu ya tabaka, kila likizo yetu ikiwa pale ndani, nyekundu, kijivu, nyeupe ya Kariandusi. Fundi mmoja akasema udongo huu ni mgumu kama mawe, nani aliupiga? Kogo akamtajia jina lako lote, na la baba yako. Wakaumwaga nje.

Matanga yako yameisha, Rael. Jana tuliuchukua ule udongo, tukauvusha reli kwa ndoo, sisi sote. Tukaulowesha, tukaukanyaga, na tukakandika kaburi lako. Kogo alichukua upande wa upepo. Baba Tabitha alikuwa ameleta mfuko wa udongo mweupe, hakumwambia mtu. Mstari wa mawimbi alichora Tabitha. Umepinda kidogo mahali fulani, lakini alibonyeza.

Kwa hiyo mikono yangu ina udongo wako ninapoandika, na karatasi imechafuka hapa pembeni, utaniwia radhi. Kesho nitakuja na kigoda chako, nikae, nikusomee. Nitaziruka sehemu ulizokwisha kuzijua.

Lala, dada yangu. Shule sitaikandika tena, na mama mwingine yeyote nikimwona na ndoo pale nitaimwaga. Ile ni ya Serikali, mpaka kioo na mpaka mtoto wa mwisho nje ya kioo, na sitawaacha wasahau. Lakini hii yako ndogo, kila mvua ikiisha, nitakuja kuikandika mimi.

Wako,
Damari